Kaskazini Juu, Mashariki Kushoto: Namna ya Kuiweka Sawa Picha ya Anga la Mbali

Picha yangu ya kwanza kuchapishwa na kutundikwa ukutani ilikuwa ya Msalaba wa Kusini. Niliipiga Bagamoyo, mwezi wa Juni, kwa lenzi ya milimita 135, saa mbili nzima za mwanga zikarundikwa kuwa picha moja. Mjomba wangu, aliyekula chumvi nyingi kwenye mashua kabla magoti hayajamgomea, aliitazama kwa muda, mkono kidevuni, kisha akauliza: "Mjomba, hii nyota ndogo imehama lini?" Akaweka kidole kwenye nyota ya tano, ile hafifu inayokaa pembeni ya msalaba. Kwenye picha yangu ilikuwa kushoto. Usiku ulipoingia tukatoka uani. Angani ilikuwa kulia, chini kidogo, palepale ilipokaa tangu anaanza kuvua.

Kosa halikuwa la lenzi wala la kamera. Faili lilifunguliwa na programu iliyoisoma mistari ya picha kuanzia chini badala ya juu, nami nilipouona msalaba umesimama kwa kichwa, nikauzungusha nusu mduara na kuridhika. Msalaba ukasimama vizuri, ila kulia na kushoto vilikuwa vimebadilishana. Tangu siku hiyo siitoi picha kabla haijapita kwenye hatua hizi.

Maneno mawili ya kutenganisha kwanza

Kuna kuzungusha na kuna kugeuza. Kuzungusha ni kama kuizungusha sinia mezani: kila kitu kinabaki na jirani yake yuleyule. Kugeuza ni kuitazama karatasi kwa mgongoni ukiwa umeielekeza kwenye taa. Ukishageuza, hakuna mzunguko utakaoirudisha picha. Fikiria maandishi ya kinyume yaliyo mbele ya gari la wagonjwa, yale yanayosomeka kwenye kioo cha dereva aliyetangulia tu. Hata ulipindue gari matairi juu, bado hayatasomeka.

Msimamo wangu ni huu: kuzungusha ni hiari yako, kugeuza ni kosa. Angani hakuna juu wala chini, kwa hiyo pembe yoyote ni halali mradi ina sababu. Lakini galaksi iliyogeuzwa ina mikono inayojisokota upande ambao kweli haijisokoti, na nebula (wingu la gesi na vumbi la angani) iliyogeuzwa ni kitu kisichokuwepo popote ulimwenguni. Jambo hili si dogo. Mradi wa Galaxy Zoo ulioanza mwaka 2007 uliwaomba watu wa kawaida waseme kila galaksi inajisokota upande gani. Zile za kinyume cha saa zikaonekana kuzidi. Watafiti wakawaonyesha watu picha zilizogeuzwa, na bado wakasema za kinyume cha saa ndizo nyingi! Tatizo likajulikana kuwa ni macho ya watu, si ulimwengu. Kipimo kile kisingewezekana kama picha za awali hazikujulikana kuwa zimekaa upande sahihi.

Kwa nini mashariki iwe kushoto

Desturi ya wanaastronomia ni kaskazini juu, mashariki kushoto. Mgeni wa mambo haya hushtuka, maana kwenye ramani ya Tanzania Bahari ya Hindi iko kulia na Ziwa Tanganyika liko kushoto. Tofauti ni kwamba ardhi tunaichora kama tunaoitazama kutoka juu, na anga tunalitazama kutoka chini. Lala chali kwenye mkeka, kichwa kaskazini, miguu kusini. Mkono wako wa kushoto unaelekea mashariki. Basi, hiyo ndiyo desturi yenyewe, na ukiisahau rudi kwenye mkeka.

Waliochora anga kwa kulitazama "kutoka nje", kama kwenye tufe za nyota za zamani, walilipata kinyume. Dari maarufu ya stesheni ya Grand Central mjini New York, iliyofunguliwa mwaka 1913, ina sehemu kubwa ya anga iliyochorwa hivyo, na abiria wamekuwa wakipita chini yake zaidi ya miaka 100.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna shida yetu wenyewe. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako nyota nyingi wanazopiga wanazitazama wakiwa wameelekea kusini. Ukielekea kusini, juu ni kaskazini na kushoto ni mashariki, kwa hiyo jicho na desturi vinakubaliana bila jasho. Kwetu inakuwa hivyo kwa Msalaba wa Kusini, kwa nebula ya Carina na kwa Mawingu ya Magellan, zile galaksi mbili ndogo za jirani. Lakini ukiwa Bagamoyo, digrii 6 na nusu hivi kusini mwa ikweta, galaksi ya Andromeda unaitazama ukiwa umeelekea kaskazini. Hapo juu ni kusini, na mashariki iko kulia. Utakachoona kwenye kamera kimepinduka nusu mduara ukilinganisha na vitabu. Hakijageuzwa, kimezunguka tu.

Orion ndiyo kituko zaidi. Inapita karibu kabisa na utosi. Nebula yake kubwa, M42, hupita digrii moja tu kutoka utosini kwangu. Hapo "juu" haina maana yoyote, inategemea umesimama ukielekea wapi. Ndiyo sababu huku kwetu jicho si shahidi wa kutegemewa, inabidi kupima.

Hatua ya 1: Ijue darubini yako mchana

Kabla ya usiku wowote, toa darubini uani saa tisa alasiri (usiielekeze upande wa jua hata kidogo), ifungie kamera kama unavyoifunga usiku, lenga maandishi yaliyo mbali: bango la duka, jina kwenye tangi la maji, namba ya basi lililoegeshwa. Piga picha moja, ipeleke kwenye kompyuta kwa njia ileile unayopeleka za usiku, ifungue kwa programu ileile.

Sasa zungusha mpaka maandishi yasimame. Yakisomeka, umesalimika. Kama DUKA linasomeka kama linaloonekana kwenye kioo cha kuogea, mahali fulani njiani picha inageuzwa, na itageuzwa hivyohivyo kila usiku mpaka ubadilishe kifaa au programu.

Ukitaka kujua sababu, hesabu vioo. Kila kioo kinageuza mara moja, na kugeuza mara mbili ni sawa na kutogeuza. Darubini ya lenzi yenye kamera iliyofungwa moja kwa moja haina kioo, picha ni salama. Darubini ya aina ya Newtonian ina vioo viwili, salama. Aina ya Schmidt-Cassegrain, kamera ikiwa nyuma, viwili, salama. Weka kile kioo cha pembe cha kutazamia ili usivunje shingo, idadi inakuwa moja au tatu, na picha imegeuka. Wanaopiga kwa simu juu ya lenzi ya kutazamia yenye kioo cha pembe wamo humu wote, wengi wao bila kujua. Darubini za aina ya RASA, na zile zinazowekewa HyperStar, kamera inakaa mbele ikipokea mwanga wa kioo kimoja tu. Hizo hugeuza, na wenye nazo wanapaswa kuirudisha picha kwenye programu kila mara.

Hatua ya 2: Panga fremu kabla hujatoka nyumbani

Sensa (ya kamera, si ya watu na makazi) ni mstatili, na vitu vya angani vina mlalo wake. Kwanza jua fremu yako inafunika kiasi gani. Chukua urefu wa upande wa sensa kwa milimita, zidisha kwa 57.3, gawanya kwa umbali wa fokasi (ile namba ya milimita ya lenzi au darubini). Sensa ya APS-C ya milimita 23.5 kwa 15.6 kwenye darubini ya milimita 400 inakupa digrii 3.4 kwa 2.2.

Sasa tazama mlalo wa kitu. Andromeda ina urefu wa digrii 3 hivi. Ukiwa na kaskazini juu, haisimami wala hailali: mhimili wake umeinama digrii 35 kutoka kaskazini kwenda mashariki, yaani kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Ukiipiga kwenye fremu hiyo na upande mrefu ukiwa mashariki-magharibi, ncha zake zitagusa kingo za juu na chini huku pembe mbili zikibaki giza tupu. Zungusha kamera ili upande mrefu ufuate zile digrii 35, na galaksi nzima inaenea vizuri, na nafasi inabaki kwa wenzake wawili, M32 na M110.

Pembe ya namna hii hupimwa kila mara kuanzia kaskazini kwenda mashariki. Kwenye picha sahihi yenye kaskazini juu, huko ni kinyume cha mwendo wa saa. Programu ya bure ya Stellarium ina kiambatisho cha kuonyesha fremu ya kamera juu ya anga: unaingiza vipimo vya sensa na umbali wa fokasi, unazungusha mpaka uridhike, unaandika pembe. Iandike kwenye daftari. Saa sita usiku, umande ukianza kushuka, hutaikumbuka.

Kama unapanga kuunganisha picha kadhaa kuwa moja pana, usijipe taabu ya pembe za kisanii. Weka kamera digrii 0 au 90 kwa vipande vyote, vinginevyo vipande vitakuja vikipishana kama mabati yaliyoezekwa na mlevi.

Hatua ya 3: Weka pembe ya kamera kwa mkia wa nyota

Njia hii haihitaji intaneti wala kompyuta, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Lenga nyota angavu iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa kufikirika ulio juu ya ikweta ya dunia), mojawapo ya zile tatu za mkanda wa Orion kwa mfano. Fungua kamera kwa sekunde 30. Sekunde 10 za mwanzo acha stendi ifuatilie nyota kama kawaida, kisha zima ufuatiliaji sekunde 20 zilizobaki.

Picha itaonyesha kidoto kinene chenye mkia, kama kiluwiluwi. Kidoto ni pale nyota ilipotulia, mkia ni pale ilipokokotwa na mzunguko wa dunia. Nyota hukimbilia magharibi, kwa hiyo mkia unaelekea magharibi na kichwa cha kiluwiluwi kiko mashariki. Kwa sekunde 20 nyota ya ikweta husogea dakika 5 za tao (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii). Kwenye darubini ya milimita 400 na kamera yenye pikseli za mikroni 3.76, huo ni mkia wa pikseli 155 hivi, unaoonekana bila kuvuta picha sana.

Mkia ukiwa sambamba na upande mrefu na ukielekea kulia, umepata ama kaskazini juu, ama picha iliyogeuzwa yenye kaskazini chini. Kutofautisha, washa ufuatiliaji tena, sogeza darubini kidogo kuelekea kaskazini huku ukitazama namba ya deklinesheni, yaani digrii za kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga, ikipanda (usiamini vitufe vya mishale, vingine hubadili maana darubini ikiwa upande wa pili wa stendi). Darubini ikienda kaskazini, nyota kwenye picha hushuka kusini. Zikishuka chini, kaskazini iko juu. Zikipanda huku mkia wako ukiwa kulia, rudi hatua ya 1, kuna kioo kimejificha.

Ukitaka pembe nyingine yoyote, anzia kwenye sifuri hii na zungusha kamera kiasi ulichoandika daftarini. Mimi nimebandika utepe wenye alama za digrii kwenye shingo ya darubini. Fundi cherehani alinipa kipande cha futi yake, nikakipigia mahesabu ya mzingo, kinafanya kazi kuliko vifaa vya bei mbaya. Piga mkia mwingine kuhakikisha.

Hatua ya 4: Pembe isibadilike usiku kucha

Kaza skrubu. Ukizungusha kamera katikati ya usiku, vumbi lililo kwenye vioo na kivuli cha kingo havitakaa mahali pamoja na picha za flati (zile za mwanga sawasawa za kufutia madoa na vivuli) ulizopiga, na madoa yatabaki kama chapa ya muhuri. Pembe mpya, flati mpya.

Mwenye stendi ya ikweta ya Kijerumani ajue kwamba kitu kikivuka meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini), darubini huhamia upande wa pili na picha zote zinazofuata huzunguka digrii 180. Hili si tatizo. Programu ya kurundika huzioanisha yenyewe kwa kutumia nyota. Ila picha ya mwisho itafuata mlalo wa fremu uliyoichagua kuwa kielelezo, kwa hiyo chagua fremu ya upande uutakao.

Darubini ndogo za kisasa zinazojiendesha, kama Seestar, zikisimama wima bila kuinamishwa kufuata ncha ya anga (nukta ambayo anga huizunguka), zinakutana na mzunguko wa uwanja: kitu kinafuatiliwa, lakini kinazunguka polepole ndani ya fremu, na kingo za picha zinaliwa. Hapa wakazi wa ikweta tuna bahati isiyosemwa. Mzunguko huu hutegemea unatazama wapi. Orion ikiwa imepanda mashariki, huku kwetu inazunguka digrii moja au mbili tu kwa saa, unaweza kupiga muda mrefu fremu ikakaa vilevile. Ikikaribia utosi, mzunguko unakuwa wa ghafla na mkali, pumzika unywe kahawa, kisha uendelee ikielekea magharibi. Wingu Kubwa la Magellan, ukilitazama kusini kabisa kwenye kimo cha digrii 27, linazunguka karibu digrii 17 kwa saa. Hapo panga kukata kingo, au inamisha kifaa kifuate ncha ya kusini.

Hatua ya 5: Programu, mahali picha nyingi zinapoharibikia

Faili za FITS, aina ya faili za picha wanazotumia wanaastronomia, hazisemi zenyewe mstari wa kwanza ni wa juu au wa chini. Programu nyingine huanza chini, nyingine juu, na ukihama kutoka moja kwenda nyingine picha inageuka bila onyo. Hiki ndicho kilichonipata mimi na Msalaba. Siku hizi programu kadhaa huandika ndani ya faili neno ROWORDER likisema TOP-DOWN au BOTTOM-UP, na programu ya Siril hulisoma. Tatizo hili lina dalili ya pembeni pia: kama kamera yako ni ya rangi na rangi zimetoka za ajabu, kijani na zambarau zisizo na kichwa wala miguu, huenda mistari imesomwa kinyume na mpangilio wa vichujio vya rangi ukahama nayo.

Baada ya kurundika, ipeleke picha kwa programu inayotambua nyota. Siril na ASTAP ni za bure na hufanya kazi kwenye kompyuta yako. Tovuti ya nova.astrometry.net nayo hufanya hivyo ukiwa na bando. Programu inalinganisha nyota zako na orodha ya nyota, kisha inakuambia fremu iko wapi na imezunguka kiasi gani. Siril inaweza hata kuigeuza yenyewe ikigundua imegeuka. Astrometry.net itakupa sentensi inayosema sehemu ya juu ya picha imeelekea digrii kadhaa mashariki ya kaskazini. Ikisema 30, na picha haijageuzwa, basi kaskazini iko digrii 30 kulia kwa sehemu ya juu, na utaipata juu kwa kuzungusha picha digrii 30 kinyume cha saa. Soma tena polepole, wengi hapa huzungusha upande usio wake na kujikuta wako 60.

Kama huna mtandao wala programu, tumia vitu vyenyewe. Hii ndiyo orodha yangu ya mashahidi.

Msalaba wa Kusini: usimamishe, mguu mrefu chini. Nyota ya tano, hafifu, iwe chini kulia. Lile doa jeusi liitwalo Mfuko wa Makaa liwe chini kushoto.

Kilimia: kinafanana na kijiko kidogo. Weka mpini kushoto. Mwisho wa mpini kuna nyota mbili jirani, Atlas na Pleione. Ile hafifu, Pleione, iwe juu ya Atlas. Merope, yenye ukungu wa buluu mzito kuliko wenzake, iwe upande wa chini wa kijiko. Kama mpini uko kushoto lakini Pleione iko chini ya Atlas, umegeuza.

Andromeda: tafuta M110, ile galaksi ndogo iliyojitenga, kisha wingu la nyota NGC 206 kwenye mkono wa kusini-magharibi, kisha M32, ile ndogo ya mviringo iliyo karibu na kiini. Ukizitaja kwa mpangilio huo, macho yako yanapaswa kuzunguka kwa mwendo wa saa, vyovyote picha ilivyolala. Yakizunguka kinyume, imegeuka. Naupenda ushahidi huu kwa sababu hauhitaji kujua kaskazini iko wapi.

Hatua ya 6: Zungusha mara moja, na uhesabu hasara

Kuzungusha kwa 90, 180 au 270 hakupotezi kitu, kila pikseli inahama nzimanzima. Pembe nyingine yoyote inailazimisha programu kukisia thamani za pikseli upya, na picha inalainika kidogo. Usizungushe 12 leo, ukaongeza 5 kesho. Jumlisha, fanya mara moja.

Hasara kubwa zaidi ni ya pembe za fremu. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ukiizungusha digrii 10 na kukata kingo tupu huku ukihifadhi umbo lake, unabaki na asilimia 64 hivi ya eneo. Ukizungusha 30, unabaki na asilimia 38. Kutoka megapikseli 24 umeshuka hadi 9, na zile saa ulizolishwa na mbu umezitupa nazo. Ndiyo maana hatua ya 2 na ya 3 zinalipa.

Darubini ya Newtonian ina jambo lake: miale minne ya msalaba kwenye nyota angavu, inayoletwa na vyuma vinavyoshikilia kioo kidogo. Ukizungusha picha, miale inazunguka pia. Msalaba ulioinama digrii 7 unaonekana kama fremu iliyopigiliwa ukutani na mtu mwenye haraka. Afadhali ama wima kabisa, ama 45.

Hatua ya 7: Sasa amua

Ukishajua kaskazini iko wapi, ndipo una haki ya kuiacha.

Mimi huweka kaskazini juu bila mjadala pale picha inapotumika kutafuta au kulinganisha. Supanova 1987A, nyota iliyolipuka, ilionekana Februari 1987 ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa dakika 20 hivi za tao kusini-magharibi mwa nebula ya Tarantula. Ukiwa na kaskazini juu, ni chini kulia. Mtu anayetaka kulinganisha picha yako na ya mwenzake ya miaka mitano nyuma, akisaka nyota mpya, hataki sanaa, anataka kulia iwe kulia. Mawingu ya Magellan nayaacha hivyo siku zote, isitoshe ndivyo tunavyoyaona kwa macho tukielekea kusini.

Kichwa cha Farasi ni habari nyingine. Nebula hii nyeusi iko nusu digrii kusini mwa Alnitak, nyota ya mashariki kwenye mkanda wa Orion. Kaskazini ikiwa juu, kichwa kimelala ubavu, kinachomoza kuelekea kulia kama farasi aliyeanguka. Karibu kila mtu humsimamisha: magharibi juu, kaskazini kushoto. Alnitak inakwenda kushoto, na nebula ya Mwali wa Moto inakaa chini yake. Nilidhani ni mapambo ya wapiga picha tu, mpaka Desemba moja, saa mbili usiku, niliposimama ufukweni nikiitazama Orion ikipanda kutoka baharini. Ukielekea mashariki karibu na ikweta, juu ni magharibi, kushoto ni kaskazini. Farasi yule, kama macho yangeweza kumwona, alikuwa amesimama wima juu ya maji. Njoo Aprili, Orion ikizama magharibi, yuko kichwa chini. Kwa hiyo ninapomsimamisha simdanganyi mtu, ninaonyesha farasi wa Desemba.

Ndivyo ninavyoamua: natafuta pembe ambayo mtu wa hapa angeweza kuiona kweli akitoka nje saa fulani, na mara nyingi hiyo ndiyo nzuri kwa jicho pia. Isipopatikana, nafuata umbo. Macho ya watu hupenda mwanga utoke juu na uzito ukae chini. Nguzo za gesi zikielekea juu zinasomeka kama milima, zikielekea chini zinafanana na maziwa yaliyomwagika. Picha za Hubble na Webb hufanya vivyo hivyo, nyingi hazina kaskazini juu, lakini NASA huchapisha pia nakala yenye mishale ya dira. Simu nayo ina amri yake: picha ya kusimama inajaza skrini, ya kulala inakuwa utepe mwembamba. Galaksi iliyo ubavu naisimamisha kwa ajili ya simu bila aibu.

Ninachokataa ni kitufe cha kugeuza kinachobonyezwa kwa sababu "imekaa vizuri zaidi". Mtu akiniambia nebula yake inapendeza ikitazama kushoto, namjibu basi aizungushe. Isipokubali kutazama kushoto kwa kuzungushwa, haitazami kushoto.

Hatua ya 8: Mishale na maelezo

Weka mishale miwili midogo kwenye kona. Ukisimama kwenye mshale wa kaskazini, wa mashariki uwe robo mduara kinyume cha saa. Ukiwa upande wa saa, picha imegeuka, na umejikamata mwenyewe kabla ya kukamatwa. Kwenye maelezo andika pembe, tarehe, mahali na kama uliizungusha.

Kuhusu herufi za mishale, Kiswahili kimetutega. Nilianza kwa kuandika K na M, nikijiona mzalendo, mpaka binti mmoja wa kidato cha pili aliponiuliza K ni kaskazini au kusini, na M ni mashariki au magharibi. Siku hizi naandika Kask. na Mash., herufi ndogo, rangi ya kijivu, kona ya chini kulia.